Diploma ya serikali ikwame mpaka lini?

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mzazi ambaye ng'ombe zake zimeliwa na vita bado anauza kipande cha shamba ili mtoto asome lugha na biashara Kampala. Wapo wanaosema hiyo ni anasa. Waulizwe watoto wao wanasoma wapi. Walikale ina kasiterite ya Bisie, Masisi ina koltani ya Rubaya, na hesabu zote zinapigwa na wengine.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wakubwa walipiga makofi. Lakini kijana akifika Uganda na diploma ya serikali, anaambiwa kwanza ilinganishwe na vyeti vya huko, tena karatasi zake za Kifaransa zitafsiriwe kwa Kiingereza. Sawa, ni sheria yao. Na yule ambaye diploma yake iliungua pamoja na nyumba? Ya pili inatafutwa Kinshasa, na barabara ya kufika huko haipo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025. Banki za Goma nazo zilifungwa wakati huo huo, kwa hiyo feza ya masomo inapitia kwa simu na kwa wabadilisha feza, kila mmoja akikata yake.

Kongo ina ubalozi Kampala. Wizara ya elimu iweke pale meza moja ya kuthibitisha na kutoa upya diploma za wakimbizi wa Kivu ya Kaskazini. Kazi hiyo haingojei vita viishe.