Profesa Aliyetaka Idara Yake Ivunjwe

Mwanafunzi mpenzi, kila muhula mmoja wenu huniuliza: "Mwalimu, Kiswahili kitanifikisha wapi?" Swali hilo huniuliza hata mtoto wa Nakivale, ambaye mama yake humkaripia na kumbembeleza kwa Kiswahili cha Kongo, lakini akifika darasani hapa Kakoba huona haya kukitamka. Leo nitakujibu kwa habari za mwalimu wa Kiingereza.

Ngũgĩ wa Thiong'o alisomea Kiingereza Makerere, kisha akaajiriwa katika Idara ya Kiingereza ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968, yeye na wenzake wawili, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wakitaka idara hiyo ivunjwe. Hebu fikiri: mtu kulikata tawi alilokalia!

Wengi hudhani kwamba walikichukia Kiingereza. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa chuoni. La hasha. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu, na ya Afrika iwe kiambatisho chake. Walitaka ya Afrika ikae katikati, fasihi simulizi ipewe heshima yake, na Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vyote visomwe. Kitendawili ulichotegewa na bibi yako kikawa kinabisha hodi chuoni. Idara ya Fasihi ikazaliwa.

Mwaka 1977 tamthilia aliyoiandika pamoja na mwenzake kwa Kigĩkũyũ iliigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akawekwa kizuizini takribani mwaka mzima, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Alifariki Mei 2025 huko Marekani, ambako kwa miaka mingi alikuwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi. Ndiyo, wa Kiingereza, usicheke.

Nahitilafiana naye katika jambo moja. Alimtaka mwandishi wa Kiafrika aandike kwa lugha ya mama yake. Darasani mwangu kuna Runyankore, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali. Nikishika moja, nimewafungia wengine mlango. Ndiyo maana nakitetea Kiswahili, ingawa najua wazee wengi wa Uganda wakikisikia hukumbuka askari na bunduki.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima. Vyema. Lakini amri ya Kampala haiondoi haya moyoni mwa mtoto. Nilipokuwa darasa la tano, nilivishwa kibao shingoni siku nzima kwa kumwomba mwenzangu maji kwa lugha ya nyumbani, na mpaka leo nikizungumza mbele ya wakubwa hujikuta nikitanguliza Kiingereza.

Jumatatu tunaanza fasihi simulizi. Wewe wa Nakivale, njoo na kitendawili kimoja cha kwenu, ukitege kwa lafudhi yako ileile. Sitakusahihisha matamshi.