Heshima si Utumwa, Hata Kazini

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaanza kuandika magazetini, nilikuwa karani wa ghala mjini Mombasa. Paa la ghala lile lilikuwa likivuja katika pembe moja. Sisi sote tulijua, kuanzia mimi mpaka hamali wa mwisho. Asiyejua alikuwa meneja peke yake.

Siku chache kabla ya masika ililetwa shehena ya sukari, naye meneja akaamuru ipangwe katika pembe ile ile. Mzee mmoja miongoni mwa mahamali akafungua kinywa: "Bwana mkubwa, hapa..." Hakumaliza. Alijibiwa mbele yetu sote: "Wewe umeajiriwa kubeba, si kufikiri!" Mzee akainama, akabeba. Nami nikainamia daftari langu, nikaandika idadi ya magunia.

Mvua ikanyesha, sukari ikageuka maji. Akatafutwa wa kulaumiwa, akapatikana yule yule mzee, eti alipanga magunia vibaya. Alifukuzwa siku hiyo hiyo bila kuulizwa neno. Mimi niliyesikia yote nilinyamaza, maana nilikuwa na watoto wa kulisha. Aibu ile ninayo hadi leo.

Nakumbuka kisa hiki kila nisikiapo wakubwa wakizungumza juu ya kuwatia moyo wafanyakazi. Huwanunulia fulana zenye jina la kampuni, na mwisho wa mwaka huwachinjia mbuzi. Mimi sikatai nyama ya mbuzi. Lakini mtu aliyetukanwa mwaka mzima hawezi kufurahishwa kwa mshikaki mmoja.

Tabia hii ya kumwona mfanyakazi kuwa ni mikono isiyo na kichwa si ya wazee wetu. Tuliachiwa na ukoloni. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilimfanya mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa kuwa mhalifu wa kutiwa jela. Kisha kikaja kipande, ambacho Mwafrika alikivaa shingoni, na ndani yake tajiri aliandika habari za kazi yake. Wakoloni walikwenda zao mwaka 1963, lakini kiti chao tulikikalia bila kukipangusa.

Sheria zetu zimejitahidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa kosa, sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake wa kumsimamia. Laiti mzee wangu angalikuwa nayo! Hata hivyo, sheria humlinda mtu siku ya kufukuzwa. Siku nyingine zote analindwa na adabu tu.

Na adabu haina gharama. Mkubwa aingiapo asubuhi, na asalimu. Kwetu hata adui husalimiwa. Akitaka kumkosoa mtu, amwite faraghani. Na kabla kazi haijaanza, aulize: "Je, kuna neno?" Kisha anyamaze, asikilize. Kuuliza si ujinga.

Nasi wafanyakazi tusijitoe lawamani. Yuko anayetundika koti kitini asubuhi, akaenda zake mjini mpaka saa kumi, huku mwenzake akibeba kazi ya watu wawili. Huyo naye anamdharau mtu.

Waliosema heshima si utumwa walisema kweli. Meneja wetu angalimheshimu mzee yule kwa dakika moja tu, angaliiokoa sukari yake. Nami ningaliiokoa nafsi yangu, kama ningalisema, "Bwana, mzee huyu asema kweli."