Rafiki na Kitabu cha Rafikiye

Mtu akiisha kutunga kitabu chake cha kwanza, humpa rafiki yake akisome. Hapo rafiki huingia katika mtihani mgumu. Akisema kweli, aogopa kumvunja mwenzake moyo; akisifu tu, amemdanganya. Tena kitabu kikiwa cha mambo ya dini, mtihani huzidi, kwa kuwa wako wadhanio kwamba nia njema yatosha kukifanya kitabu kuwa chema. Sivyo. Kiti kibovu hakiwi kizima kwa sababu seremala wake husali kila asubuhi.

Katika mji wa Oxford, Uingereza, walikuwako waalimu wawili wa chuo kikuu, C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien. Walijuana tangu mwaka 1926. Wakati ule Lewis hakuwa akimwamini Kristo; mazungumzo yake na Tolkien na rafiki mwingine, usiku mmoja wa Septemba 1931, yalimsaidia sana kuipata imani. Baadaye wakapatana kila mmoja atunge hadithi ya ajabu: Lewis ya safari ya kwenda kwenye nyota, Tolkien ya safari ya kurudi nyakati za kale. Hadithi ya Tolkien haikumalizika. Ya Lewis ilimalizika, ikaitwa Out of the Silent Planet, maana yake Kutoka Sayari Iliyo Kimya.

Humo yasimuliwa habari za Ransom, bingwa wa lugha, aliyekamatwa na watu wawili waovu na kuchukuliwa hata sayari ya Mirihi. Huko alikuta viumbe wa namna tatu wakaao kwa amani, chini ya mtawala amtumikiaye Mungu. Ndipo alipojua kwa nini dunia yaitwa kimya: mtawala wake aliasi, na tangu siku ile haikusikika tena habari yake. Mwenye kuisoma Biblia hutambua upesi asili ya habari hiyo, ingawa mwandishi hakusimama kuhubiri.

Tolkien alipousoma mswada hakuweza kuuweka chini mpaka mwisho. Lakini hakunyamazia makosa. Aliona hadithi ni fupi mno, maneno mahali pengine ni magumu, mambo mengine hayapatani, na lugha za kubuniwa zina kasoro. Lewis akayatengeneza mengi. Tena hadithi ikasomwa kwa sauti mbele ya kundi la rafiki zao. Mwaka 1938 msomaji wa wapiga chapa alipoikataa, Tolkien alimwandikia Stanley Unwin, mkuu wa wapiga chapa hao, kuitetea. Hakuficha kwamba aliona makosa; alieleza kwamba mengi yamekwisha kusahihishwa. Mwaka uleule kitabu kikatolewa na wapiga chapa wengine.

Huo ndio utaratibu ufaao. Kosa aliambiwa mwenyewe, tena mapema, wakati kalamu ingali mkononi. Sifa zilitolewa mbele ya watu, baada ya kazi kutengenezwa, nazo zilikuwa na uzito kwa sababu msemaji hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na rafiki asifuye kila kitu ndiye amfundishaye mgema kutia maji.

Labda mtu atasema, "Rafiki naye aweza kukosea." Ni kweli. Lewis alipoandika hadithi za nchi ya Narnia, Tolkien hakuzipenda. Hata hivyo Lewis alizitoa, vitabu 7, tangu mwaka 1950 hata 1956, na watoto wa nchi nyingi wamezifurahia. Basi shauri la rafiki si amri; mwenye kitabu hulipima, kisha akaamua. Lakini afadhali rafiki akosee kwa kusema alionalo moyoni, kuliko kupatia kwa kubahatisha. Na Tolkien mwenyewe alikiri kwamba bila Lewis kumhimiza asingalimaliza The Lord of the Rings, kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1954 na 1955.

Basi mwanafunzi akipewa insha na mwenziwe, aisome yote, aseme lililo zuri na lililo bovu, kisha mwenziwe akiisha kuitengeneza, asione haya kuisifu mbele ya darasa zima.