Mufalme wa seri ya Korea na watu wawili waliomuletea feza

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaongojea bwana atoke mu shimo,

Seri inayozunguka sasa kwenye telefone za Masako inaitwa Bon appétit, Votre Majesté. Ni ya Korea ya Kusini. Ilipita mu televizyo ya kwao mwezi wa 8 na wa 9 mwaka 2025, episodi 12. Hapa kwetu inafika ndani ya karte ya telefone, na sauti ya Kifaransa, na mutoto wa sekondari anageuza maneno mu Kiswahili kwa wamama. Wengine wametuuliza: sendika ya wachimbaji inatafuta nini mu mapenzi ya wafalme, wakati bei ya almasi imeanguka hivi? Tunaomba musome kwanza, kisha mutugombeze.

Hadithi yenyewe ni hii. Binti mumoja mupishi, Yeon Ji-yeong, amejifunza upishi wa Wafaransa. Jua linapatwa, kitabu cha zamani kinafunguka, naye anatupwa nyuma miaka mia tano, mu ufalme wa Joseon. Anaangukia mbele ya mufalme mukali sana, lakini ulimi wa huyo mufalme unajua chakula kuliko mutu yeyote. Binti anapika, mufalme analainika, wanapendana, na wakubwa wa ikulu wanaanza kutega mitego. Inafurahisha, hatukatai. Zile nyama zinapopita, mate inatoka, na sisi tuko na sombe bila mafuta.

Mama mumoja wa hapa alisimamisha telefone katikati ya karamu na kuuliza: “Huyu bwana anakulaka vizuri hivi, nani analimaka?” Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Jina la mufalme wa seri, Yi Heon, ni la kutunga. Nyuma yake iko mufalme wa kweli, Yeonsangun, wa 10 wa Joseon, aliyetawala tangu 1494 mpaka 1506. Mama yake alikuwa malkia. Alifukuzwa ikulu, kisha mwaka 1482 akanyweshwa sumu, mutoto akiwa bado mudogo. Seri inabeba kidonda hicho, na ndiyo sababu watazamaji wanamuhurumia. Lakini mu historia huruma inapungua. Mwaka 1498 na tena 1504 aliua na kufukuza wasomi waliompinga. Alituma wajumbe mu majimbo kukusanya wasichana wazuri na kuwapeleka ikulu. Tena aliondoa wakaaji mu vijiji vya karibu na muji mukuu ili apate pori la kuwinda, akasimamisha mawe ya mupaka yenye maandishi: atakayeingia atauawa. Jiwe moja la namna hiyo linasimama mpaka leo Goyang, kando ya Seoul.

Jiwe hilo sisi tunalijua. Kwetu ni pano. Watu wanachimba mahali tangu wakati wa wababa zao, wamezika watu wao pale, wamepanda mihogo pale; siku moja asubuhi wanakuta pano ya kampuni na polisi wawili, na karatasi yenye sinyatire ya Kinshasa. Tumeona hivyo kwa macho yetu, na kampuni tunaiacha bila jina. Kila jiwe si sawa, tuseme ukweli. Pori la Masako liliwekewa mipaka wakati wa Wabelgiji, na bila mipaka hiyo leo lingekuwa makala tupu. Hata wanafunzi wa Université ya Kisangani wanakuja kujifunza miti na panya mule. Lakini mwenye kukatazwa pori apewe shamba. Yeonsangun hakutoa shamba.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo seri haina nafasi nalo. Mu kitabu cha habari za ufalme wa Joseon, mwaka 1503, iko habari fupi sana. Watu wawili walifika kumuonyesha huyu mufalme namna ya kutoa feza ndani ya risasi, yaani ile plomb. Mumoja, Kim Gam-bul, alikuwa raia wa kawaida. Wa pili, Kim Geom-dong, alikuwa mutumwa wa Leta. Walisema kipimo kimoja cha risasi, kama gramu 600 za leo, kinatoa feza karibu gramu 7 na nusu. Kazi ilijaribiwa, na mufalme akaruhusu ifanyike Dancheon, upande wa kaskazini, ambako mawe yenye risasi na feza yalikuwa mengi. (Kwa Kiswahili chetu feza ni kile chuma cheupe, na feza ni makuta ya mufukoni. Hapa tunasema chuma.)

Muchimbaji ataelewa haraka. Unayeyusha jiwe upate risasi yenye feza ndani yake. Unaiweka juu ya kitanda cha majivu na kuipiga moto na upepo. Risasi inageuka, inanywewa na majivu, na feza inabaki peke yake juu, inangaa. Mutumwa na raia walijua kitu ambacho wasomi wote wa ikulu hawakukijua. Mistari michache tu ndiyo imebaki juu yao. Hatuoni kama walilipwa, wala kama yule mutumwa aliachiwa huru.

Na matokeo yake yalikwenda mbali. Mufalme alipoangushwa mwaka 1506, waliokuja nyuma yake waliogopa anasa, tena waliogopa China isije kudai feza kama kodi, wakabana uchimbaji. Ujuzi haukubaki kungojea. Ulivuka bahari, na mwaka 1533 ulikuwa tayari unatumika Iwami, mu Japani, na Japani ikawa moja ya inchi zilizotoa feza nyingi zaidi duniani. Korea iligundua, mwingine akatajirika. Nani hapa Tshopo hajui hadithi hiyo? Jiwe linatoka kwetu bila kukatwa, negosiani analipima mu Kisangani, kontwari inalifunga, na bei ya kweli inasemwa mahali ambapo hatutafika.

Tuseme neno moja juu ya moshi, kwa sababu seri ni ya jikoni. Majivu yale ya Dancheon yalitoa moshi wa risasi, na risasi inaingia mu damu na mu akili ya mutoto. Kwetu kwenye dhahabu moshi ni wa merkiri. Wamama, mwanaume akileta kidonge cha dhahabu na merkiri nyumbani achome kwenye sufuria ya chakula, mumukatalie. Achome inje, mbali, upande ambao upepo unakimbia, na mwenye mimba asikaribie kabisa. Sufuria hiyo isirudi kupika tena hata ikisuguliwa na muchanga siku nzima.

Iko tena jambo la luga. Mufalme Sejong alitengeneza herufi za Kikorea mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, ili watu wadogo waweze kusoma na kuandika luga yao, kwa sababu wakubwa waliandika Kichina tu. Mwaka 1504 watu walibandika karatasi za kumusema Yeonsangun, kwa herufi hizo za watu wadogo. Alikasirika, akakataza kuzifundisha na kuzijifunza, akaamuru vitabu vyake vichomwe. Mufalme mukali alijua vizuri kitu cha kuogopa. Kontra ya kazi mu Tshopo iko mu Kifaransa, karatasi ya kuuza jiwe iko mu Kifaransa, na mutu anaweka kidole mahali anapoonyeshwa. Ndiyo maana tunashika sana huu ukurasa wa Kiswahili ndani ya gazeti la Kifaransa, hata kama ni mudogo.

Vijana wanatazama Korea ya leo, nyumba ndefu na taa, wanafikiri ilitoka mu seri. Tuwakumbushe. Kati ya 1963 na 1977, Wakorea karibu 8.000 walikwenda Ujerumani ya Magharibi kuchimba makaa ya chini ya udongo, kwa sababu kwao kulikuwa njaa, na feza waliyotuma ilisaidia inchi. Mwezi wa 4 mwaka 1980, Sabuk, wachimbaji wa makaa waliinuka juu ya mushahara na juu ya mukubwa wa sendika aliyekuwa mutu wa kampuni. Wengi walikamatwa na kuteswa. Tungependa seri moja imutupe binti mule, mu Sabuk, tuone atapika nini.

Leo Korea hiyo hiyo inatafuta madini ya Afrika kwa betri na telefone. Iliita viongozi wa Afrika Seoul mwezi wa 6 mwaka 2024, na madini yalikuwa mezani. Kongo nayo ilifunga kobalti isitoke mwezi wa 2 mwaka 2025, kisha tangu mwezi wa 10 inatoa kwa kipimo. Kwa mwaka 2026 ni tani 96.600. Kobalti si yetu, ni ya Katanga. Lakini tumeona kwamba Leta ikitaka kumuambia mununuzi “ngoja”, inaweza.

Kama mutu wa Masako angetupwa nyuma kama huyu binti, angerudi wapi? Juni 2000 hapana, vita ya siku sita wengi wetu bado tunaisikia mu masikio. Mwaka 1887 angemukuta Tippu Tip amewekwa gavana wa Stanley Falls, na mu midomo ya watu wake angesikia Kiswahili ambacho kimebaki kwetu. Sisi tungemutuma 1885, mwezi wa 7 tarehe 1, siku Leta ya Leopold ilipoandika kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa Leta. Maneno machache tu, na pori lote ambalo babu aliwinda ndani yake likaonekana halina mwenyewe. Pano za leo zinatoka pale.

Lakini hatuna kupatwa kwa jua, tuko na Kode ya Madini ya mwaka 2018. Inasema muchimbaji awe na karte, aingie mu kooperative, achimbe mu zoni iliyotengwa kwa kazi ya mukono. Karte ni ya mwaka mumoja, tunalipa tena na tena, na zoni ziko mbali ao ziko tupu. Kode hiyo inasema pia kwamba kodi ambayo kampuni zinalipa juu ya madini, ile redevance, igawanywe: 50% Kinshasa, 25% jimbo, 15% sekta ao sheferi ambamo kampuni inachimba, 10% mufuko wa watoto watakaokuja. Hiyo 15% iko karibu na sisi, si lazima kuvuka bahari kuitafuta. Mwanamuke yeyote anayejua kuhesabu mihogo sokoni anaweza kuihesabu.

Tumeandika barua mbili kwa viongozi wa sekta, moja mu Kifaransa, moja mu Kiswahili, kuuliza ni ngapi imeingia, mwaka gani, na imejenga nini. Wamepokea zote mbili na kupiga kashe. Jibu bado tunangojea.