Maarifa ya Motakaa: Feni Isiyokubali Kusimama

Dereva azimaye motakaa yake jioni na kutoa ufunguo, kisha akasikia feni ya rejeta ikiendelea kuvuma, ana haki ya kushtuka. Feni ikila ampea 10, betri ya ampea-saa 45 haifiki alfajiri, na asubuhi mwenye motakaa atakuwa akitafuta watu wa kumsukuma. Wengi wakipatwa na jambo hili hufanya moja katika mawili: hununua feni mpya, au huukata waya wake. La kwanza hupoteza fedha, na la pili huweza kuiua injini.

Katika motakaa za zamani feni ilivutwa na mkanda, ikazunguka na kusimama pamoja na injini. Nyingi za siku hizi feni yake ina mota ya umeme, nayo haizunguki ila kwa amri. Basi feni isiyosimama si mbovu, maana kazi yake inaifanya. Yafaa achunguzwe yule anayeiamuru.

Kwanza ihakikishwe kwamba ni ugonjwa

Kiyoyozi kikiwashwa, ni kawaida feni kuzunguka. Tena ziko motakaa ambazo feni yake huendelea dakika chache baada ya injini kuzimwa, kisha husimama yenyewe. Hizo zisitiliwe shaka.

Halafu yatazamwe maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Maji yakiwa yamepungua, au thamostati imekwama katika hali ya kufungwa, injini ina moto kweli na feni yatimiza wajibu wake. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyoshindiliwa humo huruka ghafula na kumwunguza mtu uso na mikono.

Rilei

Maji yakiwa sawa, ichomolewe rilei ya feni. Ikiwa feni bado yazunguka, huenda waya wake umegusana na mwingine wenye umeme, au motakaa hiyo huiongoza feni kwa kifaa kingine. Ikisimama, itiwe rilei nyingine ya namna ile ile na yenye namba ile ile. Mara nyingi huwamo moja katika kisanduku hicho hicho. Feni ikitii sasa, rilei ya kwanza imeungana ndani kwa moto, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya feni.

Swichi ya joto

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa kuwa swichi hizi ni za namna mbili. Katika Volkswagen nyingi za zamani, swichi iliyo kwenye rejeta huunganisha umeme maji yapatapo moto. Plagi yake ikichomolewa na feni ikasimama, swichi ndiyo mbovu.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni kinyume chake. Swichi imeungana wakati wa baridi, na hufunguka maji yapatapo moto. Kwa hiyo waya ukikatika au plagi ikichomoka, feni huzunguka wakati wote ufunguo ukiwa umewashwa, hata injini ikiwa baridi. Mpango huo una hekima: afadhali feni izunguke bure kuliko injini iungue. Fundi akitaka kupima, injini ikiwa baridi na ufunguo umewashwa, auguse waya wa swichi kwenye bodi ya injini. Feni ikisimama, rilei na nyaya ni nzima, na swichi ibadilishwe.

Kompyuta

Katika motakaa za karibuni kompyuta ndiyo itoayo amri, nayo huitegemea sensa ya joto la maji. Sensa nyingi zina ukinzani wa ohm 2,000 hadi 3,000 hivi kwenye digrii 20, nao hushuka hadi karibu 300 kwenye digrii 80. Mita ya umeme ya fundi yatosha kupima hayo. Kompyuta ikikosa habari za sensa, katika motakaa nyingi huwasha feni ili kuiokoa injini. Mashine ya kusomea kompyuta ikionyesha P0117 au P0118, ichunguzwe sensa hiyo na plagi yake, maana kutu kidogo tu huweza kuleta taabu yote.

Tahadhari

Kabla ya kutia mkono karibu na feni, uondolewe waya wa betri. Feni ya umeme huanza bila kuonya, nayo hukata vidole.

Mwenye motakaa asiyeweza kumfikia fundi siku hiyo na achomoe rilei anapoegesha, na kuirudisha kabla ya kuwasha injini. Waya asiukate. Motakaa isiyo na feni huweza kwenda vizuri barabara ikiwa wazi, kwani upepo huipoza. Lakini ikikwama katika msongamano wa Nairobi, maji huchemka, gasketi ya silinda hedi huungua, na hedi yenyewe hupinda. Hapo mwenye kuogopa bei ya rilei atalipa bei ya injini.