Kuvezi bila umeme: nani anatunza joto la mtoto mchanga huku Kivu?

Picha hizo tunazifahamu. Wakubwa wa jimbo, daktari mkuu, mjumbe wa shirika, na nyuma yao kuvezi mbili tatu zingali ndani ya plastiki yake. Habari inapita redioni, watu wanapiga makofi. Miezi ikipita, si ajabu kukuta moja imegeuka kabati ya mashuka, na nyingine inangojea kipuri ambacho hakuna anayejua kitatoka wapi.

Ugonjwa huo si wa Kongo peke yake. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walitoa hesabu ya vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo: karibu 4 kwa kila 10, yaani 38,3 kwa mia, havikuwa vikifanya kazi. Walitaja sababu kama ukosefu wa mafunzo, matengenezo yasiyopangwa, umeme na maji. Kwa hiyo swali la kuuliza siku ya sherehe si kuvezi ngapi zimefika. Ni nini kitamtia mtoto joto saa tisa ya usiku, umeme ukikatika.

Kwa nini joto ni jambo la kufa na kupona? Mtoto anatoka tumboni kwenye digrii 37, mwili umelowa. Yale maji yakikauka yanaondoka na joto lake. Aliyezaliwa mbele ya wakati hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, kichwa ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema joto lake linapaswa kuwa kati ya 36,5 na 37,5. Chini ya hapo amepatwa na baridi, na chini ya 32 ni hatari kubwa sana. Mtoto mwenye baridi anamaliza sukari na oksijeni yake akijitafutia joto, anashindwa kunyonya, pumzi inalegea.

OMS hiyo hiyo inataka chumba cha kuzalishia kiwe na digrii 25 hadi 28. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya bahari, Butembo iko juu zaidi, na nyanda za juu za Minembwe zinapita mita 2.000. Anayefikiri baridi ni shida ya Ulaya hajalala Lubero usiku wa mvua. Ndiyo maana wauguzi wanatumia chupa za maji ya moto, na wengine wanaingiza mbabula ya makala chumbani. Chupa inaweza kuchoma ngozi ya mtoto, na moshi wa makala unaua watu wazima, sembuse yeye.

Kuvezi ilizaliwa Paris. Kama mwaka 1880 daktari Stéphane Tarnier aliona mashine ya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama, akaomba atengenezewe ya watoto. Ile ya kwanza ilipashwa kwa maji ya moto tu. Ya leo ina kipasha joto cha umeme, feni, tangi ya maji ya kutia unyevu na waya mdogo unaobandikwa tumboni kupima joto. Kila kimoja kati ya hivyo ni mlango wa matatizo. Waya ukibanduka, mashine inapima hewa badala ya mtoto, inaongeza moto, na mtoto anaunguzwa na kilicholetwa kumwokoa. Tangi isiposafishwa inakuwa nyumba ya vijidudu. Umeme ukipanda na kushuka, kama tulivyozoea, kadi ya ndani inaungua. Hapo ndipo linapoanza kumtafuta fundi, ambaye huenda yuko Kampala au Nairobi.

Jenereta? Mafuta yana bei, na vita vina bei yake. Mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme na maji vilikatika katika sehemu kubwa ya mji, na uwanja wa ndege ukafungwa. Hospitali inayotegemea ukuta wake kwa joto la watoto inategemea pia nguzo zilizo mbali, mahali isipo na usemi wowote.

Kuna njia nyingine, nayo haikutoka kwa matajiri. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alichoka kuona watoto wakilazwa wawili wawili katika kuvezi moja na kuambukizana. Akawaweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakanyonya hapo hapo. Ikaitwa mbinu ya kanguru. Kwa miaka mingi ilionekana dawa ya maskini, ya kungojea mpaka mtoto apate nguvu kwanza.

Mawazo hayo yaliangushwa na utafiti wa OMS uliochapishwa 2021. Ulifanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3.200 waliozaliwa na kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1,8. Walioanza kanguru mara moja baada ya kuzaliwa walikufa 12 kwa mia. Waliotunzwa kwanza kwenye mashine, 15,7. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Mwaka 2022 OMS ikabadili maagizo yake: kanguru ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Lakini tusidanganyane. Wengine wanasikia habari hii wanafurahi kwa sababu wanadhani kifua cha mama ni cha bure. Katika utafiti ule watoto walikaa ngozi kwa ngozi karibu saa 17 kwa siku, na mama alilazwa katika chumba kile kile cha wagonjwa mahututi. Maana yake kitanda, chakula, choo karibu, na muuguzi anayepita usiku. Mama aliyepasuliwa jana hawezi peke yake. Baba au bibi wa mtoto lazima aruhusiwe kuingia. Katika hospitali zetu nyingi mama hapikiwi, analetewa chakula na ndugu, na wanaokimbia vita hawana wa kuwaletea. Mpango wa uzazi wa bure, uliozinduliwa Kinshasa 2023, unahesabiwa kwa idadi ya wanaozaa bila kulipa. Wiki tatu za mama aliyemfunga mtoto wa kilo moja na nusu kwa kikwembe hazionekani sana katika hesabu hiyo.

Mashine bado zina kazi. Kuna mtoto ambaye mama yake amefariki au anatoka damu, na kuna anayefufuliwa juu ya meza. Ila zije na kidhibiti umeme, vipuri vya miaka miwili, na fundi wa hapa hapa aliyefundishwa.

Tahadhari ya pekee ni kwa mashine za kupoza mwili. Ulaya, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anashushwa hadi digrii 33,5 kwa saa 72 ili kuokoa ubongo, na huko inasaidia. Mtu akisikia hivyo anasema tuletewe na sisi. Utafiti uitwao HELIX, uliochapishwa 2021, uliijaribu kwa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, katika hospitali kubwa zenye mashine za kupumulia. Waliopozwa walikufa 42 kwa mia, wasiopozwa, 31. Watafiti wakashauri matibabu hayo yasitolewe katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, hata pale penye vyumba vya mahututi. Mashine ya namna hiyo ikiletwa Goma au Bukavu kama zawadi, daktari mkuu ana haki ya kushukuru, kukataa, na kuomba vitanda kumi vya wamama badala yake.