Neno la Mhariri: Umma Party Haikuwa ya Babu Peke Yake

Chama cha Umma cha Zanzibar hakikutimiza hata mwaka mmoja. Kilizaliwa katikati ya 1963, kikapigwa marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, na ilipofika Machi kilikwishavunjwa na wanachama wake kuingizwa katika chama cha Afro-Shirazi. Hata hivyo, hadi leo kinazua ubishi barazani. Wapo wanaoamini kwamba ndicho kilichopika Mapinduzi ya Januari 1964. Wengine wanasema Makomredi, kama wanachama wake walivyoitwa, walidandia tu.

Toleo hili linazikataa kauli zote mbili.

Abdulrahman Mohamed Babu alirudi kutoka London 1957 akawa Katibu Mkuu wa Hizbu, yaani chama cha ZNP, na ndiye aliyekipa chama hicho nidhamu na matawi. Mwaka 1962 alifungwa kwa uchochezi. Alipotoka, aligombana na viongozi wenzake kuhusu mwelekeo wa chama na uteuzi wa wagombea, akajitoa. Hakutoka peke yake. Alifuatwa na vijana, wengine wakiwa wamepata mafunzo Cuba, pamoja na watu wa vyama vya wafanyakazi. Wakati siasa za visiwani zilikuwa zikimuuliza mtu asili yake kabla ya kumuuliza msimamo wake, Makomredi walizungumza habari za tabaka.

Uchaguzi wa Julai 1963 uliwapa hoja. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu yenye 12 na mshirika wake, chama cha ZPPP chenye 6, zikaunda serikali. Baada ya uhuru wa Desemba 10, haukupita mwezi serikali hiyo ikakifungia Umma, na Babu akavukia Dar es Salaam.

Huko ndiko alikokuwa usiku wa kuamkia Januari 12, bohari ya silaha ya polisi Ziwani ilipovamiwa na Mapinduzi yakaanza. Kwa hiyo madai kwamba yeye ndiye aliyeuongoza uvamizi huo hayasimami. Lakini Makomredi waliingia haraka katika Mapinduzi, ujuzi wao wa kijeshi ukahitajika, na Babu akapewa Wizara ya Mambo ya Nje. Magazeti ya Magharibi yakaanza kuandika kuhusu Cuba ya Afrika.

Kosa lao kubwa lilikuwa kukubali kukivunja chama. Walipata vyeo, wakapoteza jukwaa. Muungano na Tanganyika ulitiwa saini Aprili 1964 Babu akiwa safarini ng'ambo. Rais wa Zanzibar, Karume, alipouawa Aprili 7, 1972, Makomredi wengi walikamatwa kwa tuhuma za kuhusika. Babu alihukumiwa kifo Zanzibar 1974 ilhali yuko kizuizini bara, akaachiwa 1978. Katika miaka yote hiyo hapakuwa tena na chama cha kuwasemea.

Historia hii imeandikwa mno kupitia mtu mmoja. Wasomaji ambao wazee wao walikuwa Makomredi, au waliowapinga, watuletee barua, picha na kumbukumbu walizonazo.